Ada ni mtaji: pima fani kabla ya jina la chuo

Ifikapo Julai, fedha nyingi za wafanyabiashara wa Mwanza hutoka kwenye mzunguko na kuingia kwenye ada. Mwenye duka hupunguza oda, mwenye mtumbwi huahirisha kununua injini. Huo nao ni uwekezaji, na kosa la kawaida ni kununua jina la chuo badala ya fani.

Ukanda wa Butimba na Nyegezi unatosha kuwa mfano, kwani vyuo vyake viko karibu lakini kila kimoja kina bidhaa yake.

Ualimu: Chuo cha Ualimu Butimba ni cha serikali, na kwa miaka mingi kimesifika kwa walimu wa sanaa, muziki na michezo. Hata hivyo, mwajiri mkuu wa walimu ni serikali, na wahitimu wanaosubiri nafasi ni wengi. Anayetegemea ajira hiyo pekee ajiandae kungoja.

Uvuvi: Chuo cha Nyegezi sasa kiko chini ya Wakala wa Elimu na Mafunzo ya Uvuvi (FETA). Stashahada huchukua takriban miaka mitatu kwa aliyemaliza kidato cha nne. Soko lake liko hapa hapa: viwanda vya minofu ya sangara, ukaguzi wa ubora na ufugaji wa samaki kwenye vizimba. Mhitimu anaweza pia kujiajiri.

Habari, biashara na sheria: Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino (SAUT) kilitokana na taasisi ya mafunzo ya jamii ya Nyegezi, kikawa chuo kikuu mwaka 1998. Kinajulikana zaidi kwa uandishi wa habari. Katika uhasibu, shahada ni nusu ya safari. Mitihani ya bodi ya NBAA ndiyo humpa mtu cheo cha CPA. Katika sheria, atakaye uwakili hupitia pia Shule ya Sheria, Dar es Salaam. Gharama hizo ziingizwe kwenye hesabu mapema.

Udaktari: Ukielekea mjini kuna CUHAS, Bugando, iliyoanza mwaka 2003 kama chuo kishiriki cha SAUT. Masomo ni miaka mitano, kisha mwaka mmoja wa mazoezi hospitalini. Heshima ipo, lakini mtaji hufungwa kwa miaka sita.

Kwa hiyo, mzazi alinganishe mambo manne kwa kila fani: miaka ya masomo, gharama baada ya cheti, bodi inayosajili wahitimu, na idadi ya waajiri. Fani yenye mwajiri mmoja ni kama bidhaa yenye mnunuzi mmoja: bei na muda hupangwa naye.

Kabla ya kulipa, hakikisha kozi yenyewe, si chuo tu, inatambuliwa: shahada kwa TCU, cheti na stashahada kwa NACTVET. Uliza pia kuhusu mkopo wa HESLB. Tangu mwaka wa masomo 2023/24 baadhi ya fani za stashahada nazo zimeingizwa.

Mwisho, jumlisha miaka yote, si wa kwanza peke yake. Anayeuza injini ya mtumbwi kulipia mwaka wa kwanza huuza pia ada ya mwaka wa pili.