Kalamu ya Anayekesha Dukani

Leo nataka kusema hasa na wale ambao hawakulala kwa sababu ya kazi.

Nimepata barua kutoka kwa msichana mmoja anayeishi Kayole, Nairobi. Jina lake sitalitaja, wala la duka lake. Ameajiriwa katika duka kubwa lisilofungwa usiku. Huingia saa tatu usiku na kutoka saa kumi na mbili asubuhi. Mara yuko kwenye tili, mara anapanga unga na sabuni kwenye rafu. Tangu shule ya sekondari amekuwa akiandika hadithi, na sasa ana madaftari manne ya riwaya ambayo haijafika mwisho. Anasema hivi: "Mzee, zamani nilikuwa nikiandika kurasa kumi kwa juma. Sasa huu ni mwezi wa nne sijaandika hata moja. Nikifika nyumbani nalala kama gogo, nikiamka ni jioni, napika, naoga, narudi kazini. Mama yuko Kitui, na karo ya ndugu yangu naitoa mimi. Je, niache kazi niandike, au niache kalamu nifanye kazi?"

Barua hiyo nilikaa nayo siku kadhaa kabla ya kuijibu. Maana kiti anachokalia binti huyu nimewahi kukikalia mimi mwenyewe. Mwaka 1996 nilikuwa nikiuza usiku katika duka dogo la kituo cha petroli, kwenye barabara kuu. Nilikuwa na hamu kubwa ya kuandika michezo ya redio. Nikajiambia, usiku magari ni machache, nitaandika hapa hapa kaunta. Basi nikaficha daftari chini ya droo ya pesa. Usiku mmoja, yapata saa kumi alfajiri, mteja alinunua mkate na maziwa akanipa noti ya mia tano. Mimi, mawazo yakiwa kwa wahusika wangu, nikamrudishia chenji ya elfu moja. Hakurudi, na mwisho wa mwezi pesa zile zilikatwa katika mshahara wangu. Hilo nililistahimili. Lililoniuma zaidi ni kwamba nilipoyasoma mchana yale niliyoandika usiku, nilikuta mzee aliyezikwa ukurasa wa tatu anakunywa chai ukurasa wa saba.

Kwa muda mrefu nilidhani ni uzembe wangu tu. Siku hizi najua kulikuwa na jambo jingine pia, nami nitalieleza. Lakini kwanza niseme juu ya hadithi moja ambayo vijana wenye kupenda kuandika husimuliwa mara nyingi, ikawapoteza.

Ni habari za William Faulkner, mwandishi wa Marekani. Mwaka 1929 alipata kazi ya usiku katika mtambo wa umeme wa Chuo Kikuu cha Mississippi, toka saa kumi na mbili jioni hadi saa kumi na mbili asubuhi. Yeye alieleza kwamba usiku wa manane, watu wakishalala na umeme hauhitajiwi sana, alipindua toroli la makaa ya mawe likawa meza yake, akaandika hadi saa kumi alfajiri. Riwaya yake As I Lay Dying aliianza 25 Oktoba akaimaliza 11 Desemba. Hata majuma saba hayakutimia. Miaka kama ishirini baadaye alitunukiwa zawadi ya Nobel ya mwaka 1949. Kijana akisikia hayo husema, kumbe inawezekana! Naam, iliwezekana kwake. Lakini Faulkner wa wakati ule alikuwa na umri wa miaka 32 na riwaya zake nne zilikuwa zimekwisha kuchapishwa. Mkono wake ulikuwa umezoea. Tena kule kwenye mtambo hapakuwa na mteja wa kuja kuuliza bei ya majani ya chai. Na usisahau kwamba alikuwa mtu wa kupenda kutia chumvi alipojieleza. Waliochunguza maisha yake hawakuyaamini yote aliyosema juu ya kazi ile.

Mimi ningependa binti yetu amsikie mwandishi mwingine, tena aliyefanya kazi ya dukani hasa. Huyu ni Sayaka Murata wa Japani, aliyezaliwa mwaka 1979. Katika miji ya Japani yako maduka madogo yanayofunguliwa usiku na mchana, yanayouza wali uliofungwa tayari, soda, soksi, betri, na kila kitu kidogo kidogo. Murata alianza kazi katika maduka hayo alipokuwa mwanafunzi, akaifanya kwa miaka ipatayo 18. Kitabu chake cha kwanza alikiandika akiwa katika kazi hiyo, na cha pili, na cha tatu. Mwaka 2016 alipata Zawadi ya Akutagawa, ambayo ni ya heshima kubwa sana huko kwao, kwa riwaya juu ya mwanamke wa miaka 36 anayefanya kazi katika duka la namna hiyo. Siku ile ile ya kupewa habari alikuwa amekwenda dukani asubuhi kama kawaida.

Sasa angalieni saa zake. Alizoea kuamka saa nane usiku, akaandika hadi saa kumi na mbili asubuhi. Saa mbili akaingia dukani, akatoka saa saba mchana, kisha akaenda mkahawani kuandika tena kidogo. Mnaona? Yeye hakuandika kaunta. Aliandika kwanza, akiwa ametoka kulala, ndipo akaenda kuuza. Duka lilipata saa zake, na kitabu kilipata saa zake. Lakini duka lilimpa kitu: riwaya ile inaanza kwa sauti za dukani, kengele ya mlango, mashine ya kusoma bei, nyayo za wateja. Mtu ambaye hajasimama pale miaka mingi hawezi kuzijua sauti hizo hivyo.

Hapo ndipo nilipoanza kumwelewa binti wa Kayole. Hakukosa bidii. Anajaribu kuandika kwa saa ambazo mwili wake umeshazitumia.

Maana mwili una saa yake. Wataalamu watatu wa Marekani, Jeffrey Hall, Michael Rosbash na Michael Young, walipewa zawadi ya Nobel mwaka 2017 kwa kueleza jinsi saa hiyo inavyofanya kazi ndani ya chembe za mwili. Na waliichunguza kwa kutumia vinzi vidogo vile vinavyozunguka ndizi mbivu. Saa hiyo huongozwa na mwanga. Giza likiingia, mwili hujiandaa kulala hata kama mwenye mwili yuko kwenye tili. Kati ya saa tisa usiku na saa kumi na moja alfajiri ndipo joto la mwili linaposhuka sana na macho kuwa mazito kupita wakati wowote. Na imepimwa kwamba mtu aliyekaa macho saa 17 mfululizo huchelewa kufikiri na kukosea kama mtu aliyekunywa pombe kiasi. Mwenzangu, hapo ndipo chenji ya elfu moja ilipotokea, na yule mzee mwenye kunywa chai baada ya kuzikwa.

Tena si jambo la kuchezea. Mwaka 2007, na tena mwaka 2019, wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani waliweka kazi ya zamu za usiku katika orodha ya mambo ambayo huenda yakasababisha saratani. Hawakusema kila mlinzi na kila mwuguzi atapatwa na ugonjwa, la. Lakini anayekesha miaka na miaka, kisha akanyang'anya na ule usingizi mdogo wa mchana ili aandike, anajikopesha kwa riba kubwa.

Kwa hiyo nilimwandikia hivi: Mwanangu, usiache kazi, na usiache kalamu. Anza na usingizi. Ukitoka kazini asubuhi, vaa kofia pana au miwani ya jua ndani ya matatu, maana lile jua la saa moja linaiambia akili yako kwamba siku imeanza. Kahawa na chai kali, mwisho saa nane usiku. Nusu ya nguvu za kahawa bado imo mwilini baada ya saa tano au sita, nawe unataka kulala saa mbili. Tundika blanketi zito dirishani. Na majirani waambie waziwazi. (Hili najua ni gumu. Mtaani mtu anayelala mchana huitwa mvivu, na mtoto wa jirani hawezi kuelewa kwa nini asipige mpira ukutani kwako saa tano asubuhi. Hata hivyo sema. Mimi nilinunua amani kwa mkate mmoja kila Jumamosi.)

Ukiamka saa tisa mchana, usishike simu, usishike sufuria. Oga, kunywa maji, keti na daftari kwa saa moja tu, ndipo ukapike. Ukurasa mmoja wa daftari la shule una maneno kama 250. Andika ukurasa mmoja, siku tano kwa juma. Hayo ni maneno 1,250. Kwa majuma 40 utakuwa na maneno 50,000, na hiyo ni riwaya nzima. Zile kurasa kumi za zamani ziache, zilikuwa za msichana aliyelala usiku.

Tazama pia kwamba nimesema uandike ukiamka, sikusema uandike saa fulani. Nina sababu. Mnakumbuka kafyu ya wakati wa korona, iliyoanza 27 Machi 2020 na kuondolewa 20 Oktoba 2021. Maduka yaliyokuwa yakikesha yalifunga milango jioni. Wako waliohamishiwa mchana, na wako waliopoteza kazi kabisa. Zamu si mali ya mfanyakazi. Meneja aweza kuibadilisha kwa kipande cha karatasi ubaoni. Lakini kuamka ni kwako, iwe alfajiri au alasiri.

Na kule dukani je? Saa za dukani zimekwisha kuuzwa, nazo ni za mwenye duka. Kuandika sura nzima chini ya kaunta ni kumpunja, kama vile yeye angekupunja mshahara. Lakini wakati wa mapumziko, kijitabu kidogo mfukoni hakimdhulumu mtu. Andika humo maneno mawili matatu tu: dereva wa teksi amesema nini alipokosa sigara, mwuguzi mwenye viatu vyeupe amenunua nini saa tisa usiku, kreti za maziwa zilisikikaje zilipoburutwa sakafuni. Riwaya yako ni ya watu wa Nairobi, mwanangu, nao wanakujia kila usiku bila kuitwa.

Kisha kuna haki ambazo vijana wengi hawazidai. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inampa mfanyakazi wa Kenya siku moja ya mapumziko katika kila siku saba, na baada ya mwaka mmoja wa kazi, likizo ya siku 21 za kazi yenye malipo. Siku ile moja lala, na umtembelee rafiki. Likizo, nenda Kitui na madaftari yako, uyasome yote tangu mwanzo mfululizo. Kazi ya kusahihisha haitaki vipande vya saa moja moja.

Wako watakaosema kwamba mwandishi wa kweli huacha yote akafuata kipaji chake. Mimi sikubali. Shaaban Robert, ambaye karibu kila mmoja wetu alimsoma shuleni, aliingia kazi ya ukarani katika idara ya forodha ya Tanganyika mwaka 1926, akaendelea kuwa karani wa serikali katika idara mbalimbali karibu maisha yake yote ya kazi. Mtume Paulo naye alishona mahema kule Korintho huku akihubiri. Kinachohitaji kuogopwa ni kazi isiyokuachia hata saa moja yenye akili timamu. Ukiipata kazi ya namna hiyo, basi tafuta nyingine, lakini itafute ungali na mshahara.

Barua yangu niliituma mwezi wa pili. Jibu lilifika juma lililopita, ndiyo maana nimeamua kulisema jambo hili redioni, kwa ruhusa yake. Anasema miwani ya jua ilimletea kicheko kwa makanga, lakini usingizi umeongezeka. Majuma mengine ameandika kurasa tano, majuma mengine mbili. Juma la hesabu ya stoo hakuandika hata moja. Daftari la tano limefika katikati. Alimwomba meneja ampe zamu ya mchana, akaambiwa asubiri hadi Agosti. Mama yake, alipopiga simu saa nne asubuhi na kumkuta amelala, safari hii hakumkemea; alimwuliza tu hadithi ile ya madaftari itakwisha lini, kwa kuwa kuna jirani huko Kitui anayetaka kuisoma.