Gemu ya kaseti ambayo haikuvuka Holili

Redio kaseti ilikuwa kitu cha fahari katika nyumba ya Moshi mwaka 1983. Mwaka huo huo, watoto wa Uingereza walikuwa wakitumia kinasa sauti cha kaseti kwa kazi nyingine kabisa: kuingiza gemu kwenye kompyuta ya nyumbani.

Miongoni mwa gemu zilizovuma wakati huo ni Manic Miner, iliyotungwa na Matthew Smith, kijana ambaye hakuwa ametimiza miaka 20, kwa ajili ya kompyuta ndogo ya ZX Spectrum. Mchezaji humwongoza mchimba madini aitwaye Willy katika mapango 20. Sharti ni kukusanya vitu vyote vinavyometameta, ndipo mlango wa kutokea ufunguke.

Ugumu wake si wepesi wa vidole peke yake. Willy akisharuka hawezi kugeuka hewani, na mruko wake ni ule ule daima. Baadhi ya sakafu humomonyoka zikikanyagwa, mikanda humsukuma upande asioutaka, nao maadui hupita njia zile zile bila kubadilika. Kwa hiyo kila pango ni fumbo: mchezaji hana budi kusimama, kuhesabu hatua za adui na kupanga aanze na kitu kipi. Lakini wakati akifikiri, hewa ya pangoni inazidi kupungua. Hapo ndipo utamu ulipo, na gemu nyingi za leo zenye picha za kuvutia hazijaufikia.

Ili kuicheza vilihitajika vitu vitatu: kompyuta, televisheni ya kuwa kioo chake, na kinasa sauti. Moshi ilikuwa na hicho cha tatu tu.

Televisheni ilihesabiwa kuwa anasa. Zanzibar ilikuwa nayo tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, lakini Tanzania Bara ilisubiri hadi mwaka 1994 kupata kituo chake cha kwanza.

Kuhusu kompyuta, nchi haikuchelewa kuanza. Ya kwanza ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Tatizo lilikuja pale jitihada za kuhamishia hesabu za Hazina kwenye mashine zilipokwama, na mwaka 1974 Serikali ikapiga marufuku uingizaji wa kompyuta. Uamuzi huo haukuwa wa kijinga kama baadhi wanavyodhani, kwani fedha za kigeni zilikuwa haba. Ila ulifunga mlango kwa mashine kubwa za ofisini kabla ndogo za nyumbani hazijabuniwa, na hizo zilipokuja zikaukuta umefungwa.

Kwa Moshi kulikuwa na jambo la ziada. Mpaka na Kenya, ukiwemo wa Holili, ulifungwa mwaka 1977 na kufunguliwa Novemba 1983. Mwaka huo ndio uliokuwa wa msako wa wahujumu uchumi chini ya Waziri Mkuu Edward Sokoine, ambapo hata sabuni ya ziada ndani ya nyumba ilihitaji maelezo. Nani angethubutu kuingiza kompyuta?

Kilichokosekana hakikuwa mchezo tu. ZX Spectrum ikiwashwa ilisubiri amri zilizoandikwa kwa lugha ya BASIC, hivyo mtoto aliyechoshwa na gemu aliweza kuanza kutunga yake papo hapo. Smith mwenyewe alijifunzia nyumbani. Mtanzania wa rika lake, kwa kawaida, aligusa kompyuta kwa mara ya kwanza akiwa mtu mzima, kazini au chuoni, naye akafundishwa kuandika barua.

Siku hizi zipo programu zinazoiga ZX Spectrum kwenye simu na kompyuta za kisasa. Manic Miner, iliyotengenezwa kutosha katika kumbukumbu ya kilobaiti 48, huchukua nafasi ndogo kuliko picha moja ya simu. Anayetaka kuijaribu heri atafute kompyuta yenye kibodi. Kwa kidole juu ya kioo cha simu, Willy hufa mapema mno.