Penseli Kwenye Banda la Kuku

Februari ya mwaka juzi nilimwuzia jirani yangu trei moja ya mayai ya kienyeji. Yeye huoka keki za oda, na asubuhi ile alikuwa na keki ya kipaimara. Mayai sita aliyavunja bakulini bila shida. La saba likatoka na mishipa ya damu imesambaa juu ya kiini. Bakuli zima likamwagwa. Hakugomba. Alinirudishia trei, akaniuliza kwa upole, "Dada, haya uliyaokota lini?" Sikuwa na jibu.

Yai lenye mbegu ya jogoo linalika vizuri tu, mradi lisipate joto. Kuku huliatamia kwa joto la nyuzi 37 na ushee, na siku 21 zikitimia kifaranga hutoka. Lakini hata bila kuku, yai likikaa penye joto la zaidi ya nyuzi 30, kiinitete huanza kukua pole pole, kisha mara nyingi hufa humo humo. Chumba changu cha stoo kimeezekwa bati. Dar es Salaam mwezi wa pili, mchana, chumba kama hicho ndicho kilichokuwa kikiatamia mayai yangu.

Siku hiyo hiyo niliwatenga majogoo. Wengi hawaamini nikiwaambia kwamba tetea hutaga bila jogoo, lakini ndivyo ilivyo: jogoo anahitajika pale tu unapotaka vifaranga. Mayai nikayahamishia chini ya meza jikoni, upande usiopigwa na jua, ncha nyembamba ikitazama chini. Na nikanunua penseli. Kila yai ninaloliokota naliandika tarehe. Situmii kalamu ya wino, maana wino unaweza kupenya ganda.

Ganda lenyewe ndilo linaloeleweka vibaya kuliko vyote. Lina vitundu maelfu visivyoonekana kwa macho, na juu yake kuku huacha utando mwembamba unaoziba vitundu hivyo na kuzuia vijidudu. Mfugaji anaona kinyesi kidogo, anatumbukiza yai kwenye ndoo ya maji ya baridi, anasugua. Utando unatoka, na kwa kuwa maji ni baridi kuliko yai, vilivyomo ndani vinanywea na kuvuta uchafu kuingia. Yai linang'aa, mnunuzi anafurahi, nalo limeshaanza safari ya kuwa viza. Marekani mayai ya kuuza huoshwa kiwandani kwa maji ya moto kiasi, kisha hukaa kwenye baridi mpaka yamfikie mlaji. Nchi nyingi za Umoja wa Ulaya haziruhusu mayai ya daraja la kwanza kuoshwa. Njia zote mbili zina mantiki. Isiyo na mantiki ni hii yetu ya kuosha kisha kuyaanika mayai kwenye meza ya genge juani.

Usafi wa yai huanzia kiotani. Kiota kimoja kinawatosha matetea wanne au watano, kiwe na maranda makavu na kagiza kidogo, na jioni kizibwe ili kuku wasilale humo na kukichafua. Mimi huokota asubuhi, adhuhuri na alasiri. Lenye tope kavu nalifuta kwa kitambaa kikavu. Lililochafuka sana, au lenye ufa, siliuzi.

Sasa nifike kwenye jambo linaloniuma zaidi, ambalo mnunuzi hawezi kulijua kwa kulivunja yai wala kwa kulitia kwenye bilauri ya maji kuona kama linaelea. Kuku akikohoa, wengi wetu hukimbilia duka la pembejeo na kurudi na dawa ya kuchanganya kwenye maji. Nyingi kati ya dawa hizo huingia katika yai. Pakiti huandikwa siku za kusubiri kabla mayai hayajaliwa, na zipo dawa ambazo haziruhusiwi kabisa kwa kuku wa mayai. Ni wangapi tunaosoma? Hasara ya kusubiri naijua. Kuku wangu ishirini wakitaga mayai 14 kwa siku, siku saba ni mayai 98: trei tatu na mayai manane, yote ya kufukia. Inauma, hasa ada ya mtoto ikiwa inasubiri. Lakini aliyenunua kwangu atampikia mwanawe yai hilo akiamini anampa lishe, na mabaki ya dawa yanayoliwa hivyo ni moja ya njia za kuzoesha vimelea dawa tunazozitegemea hospitalini.

Kuhusu bei, wateja wa mayai ya kienyeji hutafuta kiini cha njano iliyokolea. Njano hiyo hutokana na majani mabichi na mahindi ya njano. Chakula cha kuku wa kisasa hapa kwetu kwa kawaida ni cha mahindi meupe, ndiyo maana kiini chake hupauka. Kuku wa kisasa akipewa mchicha kwa wingi, kiini chake nacho hukolea. Kwa hiyo rangi si ushahidi. Anayeuza la kisasa kwa bei ya kienyeji anadanganya, hata kama kiini kinawaka.

Jirani yangu alirudi baada ya miezi mitatu, na mpaka leo hachukui trei bila kusoma tarehe. Nawe unayefuga uani, mteja wako akikuuliza mayai yametagwa lini na kuku walikunywa dawa gani, mjibu. Kama huna jibu, usimwuzie.