Jina la mtoto litangulie kwenye faili

Wazazi wengi hupiga picha kadi za kliniki za watoto na kuzihifadhi kwenye fleshi. Hapo jina la faili lina uzito. Kompyuta za MS-DOS zilipokea herufi 8, nukta, kisha herufi 3 tu. Windows 95 iliruhusu majina marefu, lakini programu za zamani huyaona yamekatwa: “Kadi ya kliniki Asha.jpg” huwa KADIYA~1.JPG, ya Juma KADIYA~2.JPG. Watoto hawatofautishwi tena!

Mzazi wa Namtumbo, ukichapisha kadi isiyo yake, muuguzi atasoma tarehe za mwingine. Chanjo ya surua-rubela hutolewa miezi 9 na 18. Andika ASHAKADI.JPG, kisha ufungue uhakikishe kabla ya kuchapisha.