Fizikia Chuo Kikuu (2): Ukihitimu Unakwenda Wapi?

Juma lililopita tulieleza masomo yenyewe: mekanika, umeme na usumaku, mawimbi, joto, na ile fizikia ya atomi inayowatoa jasho wanafunzi wa mwaka wa tatu. Leo tunalijibu swali ambalo wazazi huuliza hata kabla mtoto hajajaza fomu za kuomba chuo: akimaliza atafanya kazi gani?

Mitaani jibu ni moja tu, ualimu. Ualimu ni kazi ya heshima na shule zetu zinawahitaji sana walimu wa fizikia. Mwenye wito huo aufuate. Lakini kumwambia kijana kwamba hakuna njia nyingine ni kumpotosha. Udaktari una jina lake na uhandisi una lake, ilhali mhitimu wa fizikia aghalabu huajiriwa kwa jina jingine: mtaalamu wa mionzi, mtabiri wa hali ya hewa, mpimaji wa miamba, mwandishi wa programu za kompyuta.

Tuanze na hospitali. Mgonjwa wa saratani anapotibiwa kwa mionzi, kama inavyofanyika katika Taasisi ya Saratani Ocean Road jijini Dar es Salaam, daktari ndiye anayeamua sehemu ya kutibiwa na dozi inayohitajika. Kuhakikisha kwamba mashine inatoa dozi hiyohiyo iliyoandikwa ni kazi ya mwanafizikia wa tiba. Yeye huipima mashine mara kwa mara. Hukokotoa jinsi miale itakavyopungua nguvu ikipita kwenye ngozi, mafuta na mfupa kabla ya kuufikia uvimbe, na kiasi kitakachoupata uti wa mgongo ulio jirani. Dozi hugawanywa kwa siku nyingi, mara nyingi grei 2 (grei ni kipimo cha dozi ya mionzi) kwa siku, na kanuni inayofuatwa katika fani hii ni kwamba kosa lisizidi takriban asilimia 5. Dozi ikipungua, saratani hubaki. Ikizidi, viungo vizima huumia. Kumbe yale majaribio ya mwaka wa kwanza wanayoyalalamikia wanafunzi, kupima kitu kilekile tena na tena na kuandika ukubwa wa kosa, ndiyo yanayomlinda mgonjwa huyu. Nitahadharishe hapa: shahada ya kwanza peke yake haitoshi. Kazi hii hudai masomo ya uzamili na mafunzo hospitalini chini ya msimamizi.

Twende sasa kwa mpimaji wa miamba. Huko Olkaria, karibu na Naivasha, Kenya imekuwa ikizalisha umeme wa jotoardhi tangu 1981. Kisima kimoja hugharimu fedha nyingi mno, hivyo hakichimbwi kwa kubahatisha. Kwanza wataalamu hupima jinsi miamba ya chini inavyopitisha umeme, kwa kuwa miamba iliyojaa maji moto yenye chumvi, pamoja na udongo mfinyanzi unaotokana na joto hilo, huupitisha kwa urahisi kuliko miamba mikavu.

Anayependa utafiti wenyewe naye ana pa kwenda bila kuvuka bahari. Tangu 2018 Kigali ina taasisi ya utafiti wa fizikia ya msingi chini ya Chuo Kikuu cha Rwanda, mshirika wa kituo cha fizikia kilichoanzishwa na mwanafizikia Abdus Salam huko Trieste, Italia, mwaka 1964 kwa ajili ya wanasayansi wa nchi kama zetu.

Kwa maoni yangu, kinachowaangusha wahitimu wengi si fizikia. Ni kumaliza miaka mitatu bila kujua kuandika programu ya kompyuta wala kuchambua takwimu. Waajiri wote niliowataja huhitaji mambo hayo mawili. Basi wewe uliye mwaka wa kwanza, anza kujifunza sasa, usingoje yapangwe kwenye ratiba. Likizo ikifika, peleka barua ya kuomba mafunzo kwa vitendo hospitalini, kwenye mamlaka ya hali ya hewa au kwenye miradi ya jotoardhi. Nanyi wazazi, kabla ya kumkataza mtoto, nendeni idarani mkaulize wahitimu wao wa miaka mitano iliyopita wanafanya kazi wapi.