Maporomoko ya udongo Kivu: kompyuta inaweza kuonya, lakini inahitaji habari kutoka vijijini

Tarehe 4 Mei 2023, siku ya soko huko Nyamukubi, mvua kubwa ilinyesha kwenye milima iliyo juu ya ziwa Kivu. Udongo uliporomoka, mito ikafurika, mawe na matope yakashuka hadi kwenye nyumba na soko. Zaidi ya watu 400 walikufa Nyamukubi na Bushushu, katika eneo la Kalehe, jimbo la Kivu ya Kusini. Wengine wengi hawakupatikana tena.

Tangu hapo, kila msimu wa mvua wakaaji wa milimani wanajiuliza: je, mtu anaweza kujua mapema? Wataalamu wanaotumia kompyuta wanajibu kwamba inawezekana, ila kwa sehemu tu.

Hesabu ya mlima

Mara nyingi maporomoko yanayoletwa na mvua hayaendi chini sana. Tabaka la udongo la mita moja au mbili ndilo linateleza juu ya mwamba au udongo mgumu. Udongo ukiwa haujalowa sana, chembe zake zinashikana, na mizizi ya miti inazifunga. Maji yakijaa ndani, yanazisukuma ziachane, na uzito unaongezeka.

Programu za kompyuta zinageuza jambo hilo kuwa hesabu. Mlima unagawanywa katika vipande vidogo vya mraba. Kwa kila kipande, nguvu inayoshikilia udongo inagawanywa kwa nguvu inayouvuta chini. Jibu likiwa juu ya 1, udongo unasimama. Likishuka chini ya 1, unaanguka. Programu inayoitwa TRIGRS, ya idara ya jiolojia ya Marekani (USGS), inafanya hesabu hiyo tangu mwaka 2002, ikifuata jinsi maji ya mvua yanavyoingia ardhini.

Shida ni kwamba inadai kujua unene na ugumu wa udongo wa kila mteremko. Kwa maeneo makubwa, wataalamu wanatumia njia nyepesi zaidi. Shirika la anga la Marekani, NASA, lina mfumo wa LHASA unaounganisha ramani ya miteremko dhaifu na mvua inayopimwa na setilaiti. Mvua ikizidi kiasi cha kawaida mahali ambapo mteremko ni dhaifu, ramani inaonyesha hatari.

Watafiti wa Jumba la Makumbusho la Tervuren na Chuo Kikuu cha Liège, nchini Ubelgiji, walijaribu njia ya namna hiyo kwa milima ya Kongo, Rwanda, Burundi na Uganda. Katika kazi yao ya mwaka 2019 walihesabu mvua ya siku 42 zilizotangulia, wakizipa siku za karibuni uzito zaidi. Maana yake kwa mkulima ni wazi: mlima uliolowa kwa majuma sita unaweza kuangushwa na mvua ambayo peke yake isingetisha mtu.

Utafiti mwingine juu ya Kivu, uliotolewa mwaka 2021, ulionyesha kwamba msitu ukikatwa, maporomoko yanaongezeka kwa muda wa miaka kama 15.

Kinachokosekana

Setilaiti inapima mvua kwa eneo lenye upana wa kilomita 10 hivi. Radi na mvua vikipiga mlima mmoja tu, kipimo kinasambazwa kwa eneo lote na kuonekana kidogo. Vipimo vya mvua vya ardhini, ambavyo vingesahihisha, ni vichache Kivu, na miaka ya vita haikusaidia.

Tena, kuonyesha mahali udongo utakapokatika hakutoshi. Kule Kalehe, kifo kiliwakuta watu chini, kando ya mito, mbali na miteremko iliyovunjika. Inahitajika hesabu ya pili, ya kufuata njia ya matope, na baada yake mtu wa kupeleka onyo kabla soko halijajaa.

Zaidi ya yote, kompyuta inajifunza kutokana na maporomoko yaliyokwisha kutokea. Bila tarehe na mahali, haiwezi kulinganisha na mvua ya siku hiyo. Mengi ya vijijini, hasa yasiyoua mtu, hayaandikwi popote. Upande wa Uganda wa milima ya Rwenzori, wakaaji waliofundishwa walianza mwaka 2017 kutumia simu kuandika maporomoko na mafuriko ya kwao.

Kazi hiyo haidai elimu kubwa. Mwalimu, mkuu wa kijiji au mwenye radio ya jamii anaweza kuandika siku, saa na jina la mlima. Wakati huohuo, nyufa mpya ardhini, miti inayoanza kuinama na chemchemi inayogeuka matope ghafla ni dalili ambazo hazingojei kompyuta: zikionekana wakati wa mvua, watu watoke kwenye mteremko na waondoke kando ya mto.