Viza Imebadilika Oktoba: Mimi na Bibi Yangu Tujaze Kodi ya Marekani Namna Gani?



Mdogo wetu mmoja aliyemaliza masomo yake Marekani alinipigia simu usiku, juma lililopita. Viza yake ya masomo iligeuka viza ya kazi tarehe 1 Oktoba, bibi yake yuko naye kule, na sasa wakati wa kujaza kodi umefika. Mtu mmoja anayesaidia watu kujaza zile karatasi alimwambia: "Weka tu kwamba wewe ni mseja, njo njia ya mbio." Akaniuliza: "Yaya, nifanye vile?"

Nilimwambia hapana, tena nilisema mbio, juu mimi nilifanya vile na nililipa. Nimeona afazali niandike, maana wengi kati yetu wako kule au wanajiandaa kwenda, na hili jambo hakuna anayekufundisha siku ya kupewa viza.

Nianze na kosa langu. Nilifika Marekani mwaka 2019 na viza ya masomo, ile wanaita F-1. Mwaka 2021 nilirudi Bukavu tukafunga ndoa, kwa komini na kwa kanisa, kiisha nikarudi shuleni peke yangu. Bibi alikuwa bado anangoja viza yake. Mwaka ule nilipata dola 18,000 za kumsaidia profesa kufundisha. Wakati wa kodi nilichukua programu ya bure ya intaneti, ile wenyeji wote wanatumia, nikajaza fomu 1040, nikaweka "mseja". Niliwaza: bibi yuko Bukavu, mimi niko hapa, nani atanihesabia ndoa? Programu ikanipa punguzo la kawaida la dola 12,550, kodi ikawa dola 545. Nikafurahi.

Kumbe nilikosea mara mbili. Kwanza, mtu mwenye ndoa hawi mseja juu bibi yake yuko mbali. Pili, fomu yenyewe haikuwa yangu. Mwanafunzi wa F-1 katika miaka yake mitano ya kwanza ni mgeni mbele ya IRS, ile ofisi ya kodi ya Marekani, na mgeni anajaza fomu 1040-NR, ambayo haimpi punguzo la kawaida. Nilipohesabu upya kama inavyofaa, kodi ilikuwa dola 1,961. Nilirudisha dola 1,416 na riba juu yake, pamoja na fomu 1040-X ya kusahihisha. Nilikuwa mtu wa mshahara wa mwanafunzi. Mnaelewa.

Sasa tuingie ndani ya jambo lenyewe. Marekani kuna ofisi mbili zinazokuangalia kwa macho mawili tofauti. Ofisi ya wahamiaji inaangalia viza. IRS inahesabu siku. Kwake kuna watu wa namna mbili: mkaaji na mgeni. Mwenye kadi ya kijani ni mkaaji tangu siku alipoingia na hiyo haki. Sisi wengine tunahesabiwa hivi: siku zote za mwaka huu ulizokuwa ndani ya nchi, uongeze theluthi moja ya siku za mwaka uliopita, uongeze sehemu moja ya sita ya siku za mwaka wa nyuma yake. Ikifika 183, na mwaka huu peke yake ukiwa na siku 31 au zaidi, wewe ni mkaaji. Lakini siku za mwanafunzi wa F-1, na za bibi au bwana aliyemfuata kwa viza ya F-2, hazihesabiwi katika ile miaka mitano. Ni kama hamkuwepo. (Hata hivyo kila mmoja wenu anapaswa kutuma fomu 8843 kila mwaka kueleza kwa nini siku zake hazihesabiwi, hata bibi asiyepata franga moja, hata mtoto. Wengi wanaisahau.)

Bibi yangu alifika Januari 2022. Tarehe 1 Oktoba 2022 mimi nikaingia H-1B, yeye akaingia H-4. Tangu siku ile, siku zetu zikaanza kuhesabiwa. Oktoba, Novemba, Desemba: siku 92. Hazifiki 183. Kwa hiyo, ingawa viza ilikuwa mpya na mshahara mpya, mbele ya IRS tulimaliza mwaka 2022 tukiwa bado wageni kwa mwaka mzima. Njia iliyo wazi kwa mgeni mwenye ndoa ni moja: fomu 1040-NR, kwenye kisanduku cha wenye ndoa wanaojaza kila mtu mbali, bila punguzo la kawaida.

Nilipata dola 60,000 mwaka ule, juu nilikuwa tayari nafanya kazi tangu Januari na ruhusa ya OPT. Nilikaa na biki na karatasi. Kwa njia ile ya mgeni, kodi ya serikali kuu ilikuwa dola 8,817. Kama tungekuwa wakaaji na kujaza pamoja, punguzo la kawaida la wenye ndoa kwa mwaka ule lilikuwa dola 25,900. Inabaki dola 34,100 za kukatwa kodi, na kodi yake ni dola 3,681. Tofauti: dola 5,136. Hapo njo usingizi uliniisha. (Hizi ni namba za 2022. IRS inazibadilisha kila mwaka, lakini hesabu inaenda vilevile.)

Mlango upo, na ni wa halali kabisa. Sheria inamruhusu mtu aliyechelewa kufika siku 183 mwaka huu achague kuhesabiwa mkaaji tangu zile siku za mwisho wa mwaka, kama alikaa ndani ya nchi siku 31 mfululizo, na kama kuanzia hapo mpaka mwisho wa mwaka alikuwepo angalau siku 75 kwa kila 100. Tena asiwe alikuwa mkaaji mwaka uliotangulia, na mwaka unaofuata atimize ile hesabu ya 183. Mimi na bibi kila mmoja alifanya uchaguzi huo wake. Hiyo peke yake inakupa mwaka wa nusu-nusu: mgeni mpaka Septemba, mkaaji tangu Oktoba. Na mwaka wa nusu-nusu hauna punguzo la kawaida, hauruhusu kujaza pamoja. Ukiishia hapo hujapata kitu.

Hatua ya pili njo inaleta faida. Kifungu 6013(h) cha sheria ya kodi kinasema: aliyeanza mwaka akiwa mgeni akaumaliza akiwa mkaaji, na mwenzake wa ndoa pia ni mkaaji au raia siku ya mwisho wa mwaka, wanaweza kuchagua pamoja wahesabiwe wakaaji mwaka mzima. Hapo mnajaza fomu 1040 ya kawaida, pamoja, na punguzo lenu kamili. Ni mara moja tu katika maisha ya mtu. Tarehe inayoamua kila kitu ni 31 Desemba: siku ile mko na ndoa, na mko wakaaji, ama hapana.

Tatizo ni kalenda. Kodi inadaiwa katikati ya Aprili, lakini Aprili bado hujatimiza hesabu ya mwaka mpya, na kabla ya kuitimiza huruhusiwi kutuma huo uchaguzi. Hesabu yetu ilikuwa hivi: theluthi ya 92 ni kama 30 na nusu na kidogo, ili kufika 183 zilibaki siku 153, siku ya 153 ya mwaka 2023 ilikuwa tarehe 2 Juni. Kwa hiyo mwezi wa nne tulituma fomu 4868 ya kuomba muda, ambayo inakusogeza mpaka Oktoba. Angalia vizuri: muda ni wa kutuma karatasi, si wa kulipa pesa. Kama unadaiwa, lipa Aprili. Kwangu kazi ilikuwa imekwisha kukata ya kutosha kwenye mshahara kila mwezi, kwa hiyo sikudaiwa kitu.

Kiisha Juni tukatuma. Tuliambatanisha barua iliyosainiwa na sisi wawili, ikieleza siku tulizokuwa ndani ya nchi, tarehe za zile siku 31, na kwamba tunachagua kuhesabiwa wakaaji mwaka mzima. Bibi hakuwa na namba ya usalama wa jamii, maana H-4 bila ruhusa ya kazi haipewi, kwa hiyo tuliomba namba ya kodi, ITIN, kwa fomu W-7. W-7 haiendi peke yake: inaambatana na fomu ya kodi, kwa karatasi, na inaenda Austin, Texas. Wanataka paspoti yenyewe ama kopi iliyothibitishwa. Sikutaka paspoti ya bibi itembee kwa posta, juu ikipotea tunaanza upya na Kinshasa. Tulienda kwa mtu aliyeruhusiwa na IRS kuthibitisha hizo karatasi, akaona paspoti kwa macho yake, akaturudishia palepale. Tulilipa kidogo. Tulingoja karibu miezi mitatu.

Kujaza pamoja kuna bei yake pia. Mkihesabiwa wakaaji mwaka mzima, mapato yenu ya dunia nzima yanaingia, hata ya miezi mliyokuwa wageni. Bibi yangu ana kanyumba Bukavu, mpangaji analipa dola 80 kwa mwezi. Dola 960 zikaandikwa. Nilipomwambia alicheka: "Hata ile ya Bukavu wanataka?" Ndiyo, mama, hata ile. Kama mapato ya Congo yamekwisha kulipiwa kodi Congo, risiti inaweza kukusaidia kupunguziwa Marekani, kwa hiyo msitupe risiti. Na kama jumla ya akaunti zenu za banki nje ya Marekani ilipita dola 10,000 siku yoyote ya mwaka mliokuwa wakaaji, kuna taarifa nyingine mbali ya kutuma. Mwisho, saini ni mbili: IRS ikikuta deni, inaweza kumdai yeyote kati yenu deni lote. Bibi asisaini kitu ambacho hukumwelezea.

Wenzangu wa kazi kutoka China na India walinipa mashauri mengi mazuri ambayo hayakuwa yangu. Nchi zao zina mkataba wa kodi na Marekani. Mwanafunzi wa India, kwa mfano, anapata punguzo la kawaida hata akiwa mgeni. Congo yetu haina mkataba huo. Kwa upande mwingine, anayechagua kuwa mkaaji kwa njia hii anaacha faida za mkataba, na sisi hatuna cha kuacha.

Halafu kuna makato ya pensheni na matibabu, asilimia 7.65 ya mshahara. Ukiwa F-1 na mgeni hukatwi. Tangu siku ya H-1B unakatwa. Usije ukamgombeza mhasibu Oktoba kama mimi. Na ule uchaguzi wa 6013(h) ni wa kodi ya mapato tu: haugusi miezi ya F-1 kwa makato haya.

Wengine wenu hali ni tofauti: mmoja amepata kadi ya kijani kwa bahati nasibu, mwenzake amebaki Bukavu ao Lubumbashi. Hapo kifungu ni 6013(g). Mkaaji mmoja anatosha. Mwenzake aliye mgeni anachagua kuhesabiwa mkaaji, naye anasaini, naye anaombewa ITIN. Tofauti ni kwamba uchaguzi huu hauishi mwaka mmoja, unaendelea, na mkiuvunja hamtaweza kuurudia ninyi wawili. Mshahara wake wa Congo nao unaingia kwenye hesabu, kwa hiyo kama analipwa vizuri kule, pigeni hesabu kwanza: pengine kila mtu mbali ni afazali. Watoto waliobaki Congo hamwezi kuwaandika kama wategemezi, hata mkiwatumia minerval kila mwezi. Inauma, lakini sheria inataka mtoto awe raia wa Marekani ao mkaaji wa Marekani, Canada ama Mexico.

Nirudie kwa kisanduku cha mseja. Kesho utaomba bibi yako aje, na watataka karatasi zako za kodi. Upande mmoja umeandika una bibi, upande mwingine umeandika huna. Utaeleza nini pale? Na mwenye kadi ya kijani asijaze fomu ya mgeni ili alipe kidogo: siku ya kuomba uraia, fomu inauliza swali hilo wazi. Aliyekwisha kukosea ana fomu 1040-X. Hata uchaguzi wa kujaza pamoja mnaweza kuufanya kwa kusahihisha, kwa kawaida ndani ya miaka mitatu tangu siku mlipotuma ile ya kwanza.

Mdogo wetu alisikiliza yote, kiisha akasema: "Yaya, lakini mama mkwe ni mgonjwa. Bibi yangu anataka kwenda Bukavu Aprili, majuma matatu." Tukahesabu pamoja. Siku 21 nje ya nchi zinasukuma tarehe 2 Juni mpaka 23 Juni. Fomu 4868 inampa mpaka Oktoba. Kwa kodi, aende tu akamwone mama yake. Lakini hali yake ilibadilishwa akiwa ndani ya Marekani, na paspoti yake bado ina stempu ya F-2. Kurudi nayo njo swali, na hilo si la kodi. Nilimwambia kesho asubuhi apigie simu mwanasheria wa viza mbele ya kununua tiketi.